Mkulima Anastaafu Lini?

  

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Leo tutazungumza juu ya mwenye ghala mwenyewe. Msikilizaji mmoja alituuliza swali fupi: mwalimu anastaafu, karani anastaafu, polisi anastaafu, je, sisi tunaolima tunastaafu lini?

Swali hilo nimekaa nalo siku nyingi. Neno kustaafu lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa kazi. Sasa mkulima amwombe nani? Mtumishi wa umma sheria imempangia: akitaka anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni lazima. Anapewa barua, anaagwa, pengine anapewa na kuku wa zawadi. Mkulima hapewi barua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa mtu aliyefikia miaka 60, lakini hakuna mtu anayekuja shambani kukuambia, "Mzee, leo umefika sitini, weka jembe chini." Anayekuja kukuambia ni mgongo wako. Na mgongo hautoi taarifa ya miezi mitatu.

Kule Zanzibar, tangu Aprili 2016, wazee waliofikia miaka 70 wamekuwa wakilipwa Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee. Kwa hiyo mkulima wa Bara asipojipangia mwenyewe, hakuna aliyempangia.

Lakini kabla ya kupanga fedha, kuna jambo moja la kuamua, nalo ndilo watu wengi wanaliruka. Kustaafu kwako kutakuwa nini? Wengi wetu tukisikia kustaafu tunaona picha ya mtu amekaa kwenye kiti cha uvivu barazani, kofia kichwani, anasubiri chai. Mimi katika kuzunguka kwangu vijijini sijamwona mkulima aliyestaafu namna hiyo akawa na furaha hata masika moja. Mkulima akikaa bure anaugua. Jambo linalowezekana kwake si kuacha kazi. Ni kuziacha kazi moja baada ya nyingine, zile nzito kwanza, kwa mpangilio aliouchagua mwenyewe, na kila kazi anayoiweka chini iwe na mtu au kitu cha kuipokea.

Hebu tazama kazi za nyumbani kwako kwa jicho hilo. Kulima kwa jembe la mkono ni kazi ya kwanza kuaga. Kunyunyizia dawa kwa bomba la mgongoni ni ya pili: bomba la lita 16 likijaa maji ni kilo 16 na uzito wa bomba lenyewe juu yake, tena unapanda nalo mlima. Kubeba magunia, hiyo usiulize. Kazi zinazoweza kubaki nawe mpaka uzeeni ni kama kitalu cha miche, kuku, bustani ya mboga karibu na mlango, na mizinga ya nyuki iliyowekwa juu ya vichanja vifupi badala ya kutundikwa juu ya mti.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Watu wengi wanasema, "Nikizeeka nitafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, niwe nakaa naye hapa nyumbani." Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji majani mabichi kama kilo 40 kwa siku, na maji ndoo kadhaa. Kila siku, mvua inyeshe, jua liwake, Krismasi na Idi. Nani atayakata? Kama unaye kijana wa kuyakata, vema sana, maziwa yatakulinda. Kama huna, huyo ng'ombe amekuajiri wewe, wala hujastaafu.

Na akina mama je? Tukisema mkulima anastaafu, mara nyingi tunamfikiria baba tu. Mama mwenye miaka 68 bado anateka maji, bado anatafuta kuni, bado anapalilia, na juu ya hayo ameletewa wajukuu watatu kutoka mjini awalee. Mpango wowote wa kustaafu ambao haujamwondolea mama ndoo kichwani ni mpango wa nusu nyumba. Nawapa hesabu ndogo, chukueni kalamu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Basi nyumba yenye bati la mita za mraba 40, mahali panapopata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, inapokea lita 40,000. Hata ukitoa yale yanayomwagika, ni maji mengi mno kuyaacha yaende bondeni na kesho yake kumtuma mama akayafuate hukohuko. Mfereji wa bati na tangi, vilivyonunuliwa wakati bado una nguvu ya kuuza mazao, ni sehemu ya pensheni yenu kama zilivyo fedha.

Sasa tuje kwenye miti, maana huku Nyanda za Juu Kusini ukimuuliza mtu wa makamo juu ya uzee wake atakuonyesha kwa kidole msitu wake wa misindano pale mlimani, akwambie, "Pensheni yangu ile pale." Ni neno zuri, nami nalipenda. Lakini naona wengi wanaisema pensheni hiyo bila kuijua tabia yake.

Niwaeleze ya kwetu. Marehemu baba yangu alipanda misindano ekari moja mwaka 1979, akiwa na miaka 44. Aliipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, yaani miche 450 hivi. Alikuwa akitwambia kwamba miti hii ni ya uzee wake, tusiiguse hata kwa kuchuma kuni. Mwaka 1988 mimi nilichaguliwa kuendelea na masomo, na mwaka huohuo mdogo wangu akaugua akalazwa muda mrefu. Fedha hazikuwapo. Mnunuzi alipita, akaitazama miti, akataja bei ya shamba zima, na baba akakubali. Miti ilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu aliyepanda karibu wakati ule alivumilia mpaka 1997. Sitaki kuwatajia bei, maana shilingi ya wakati ule si ya leo, lakini jirani alijenga nyumba ya matofali na kununua mabati, na baba alilipa ada na dawa.

Baba hakujuta, wala mimi siwezi kumlaumu, kwa kuwa nimesoma kwa misindano ile. Lakini alipofika miaka 70 alikuwa bado anashika jembe, nami mwanawe, mtaalamu wa kilimo, nilikuwa nikituma fedha mwezi huu na kukosa mwezi ujao. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watoto ndio pensheni, sibishani naye. Namwambia tu kwamba pensheni hiyo haina tarehe.

Kwa nini miaka tisa ni hasara kubwa kiasi hicho? Watu wanadhani mti wa miaka tisa ni nusu ya mti wa miaka 18, basi ukiuuza umepoteza nusu. Sivyo. Chukua mti wenye kipenyo cha sentimita 15 na mwingine wa sentimita 30. Ukikata kipande cha kila mmoja na kuvilinganisha, uso wa ule mkubwa si mara mbili ya mdogo, bali mara nne. Na bado hatujahesabu urefu uliozidi. Tena mti mwembamba ukipasuliwa unatoa magome na maranda mengi, mbao kidogo, na mbao zenyewe nyembamba na laini. Siku hizi zile mashine ndogo za kupasulia mbao zinazohamishwa shamba kwa shamba, ambazo watu wanaziita dingidong, zinakubali hata miti myembamba, na ndiyo maana wanunuzi wanawafuata mapema. Wataalamu wa misitu wanashauri misindano ya mbao isikatwe kabla haijafika miaka 18 hivi. Miaka ile ya mwisho, ambayo mwenye shamba anaona kama miti imesimama tu, ndiyo inayojaza mbao.

Sasa mtu atasema, "Bwana Shamba, hayo yote nayajua, lakini mtoto akiugua nifanye nini?" Hapo ndipo penyewe. Miti haiuzwi mapema kwa sababu mkulima hajui kuhesabu. Inauzwa kwa sababu ya karo, ugonjwa na msiba, na mwenye miti hana mahali pengine pa kushika. Kwa hiyo anayetaka kuitunza pensheni yake ya mlimani sharti awe na akiba nyingine ndogo ya kuilinda: hisa katika chama cha akiba na mikopo au VICOBA, mbuzi wawili watatu wa kuuza wakati wa shida, bima ya afya kama inapatikana kwenu. Akiba hiyo haitakulisha uzeeni. Kazi yake ni kumrudisha mnunuzi mlangoni, ukamwambia bila kutetemeka, "Njoo baada ya miaka saba."

Na jambo la pili ni kutopanda yote siku moja. Aliyepanda ekari nne mwaka mmoja atavuna ekari nne mwaka mmoja. Atashika fedha nyingi akiwa na miaka 60, na ikiwa ni mtu kama watu wengine, akifika 65 zitakuwa zimekwisha, na ndugu waliokula naye wamekwenda. Lakini tuchukue mkulima wa miaka 42 anayepanda nusu ekari kila baada ya mwaka mmoja kupita: anapanda akiwa na miaka 42, tena 44, tena 46, hivyohivyo mpaka 56. Hayo ni mashamba madogo manane, jumla ekari nne. La kwanza linafikisha miaka 18 yeye akiwa na 60, la pili akiwa na 62, na la mwisho akiwa na miaka 74. Kila pili mwaka ana miti 200 na ushei ya kuuza. Na nusu ekari iliyokatwa akiwa na miaka 60 ikipandwa tena, itakomaa akiwa na 78, kama Mungu amemjalia, au itakuwa ya wajukuu.

Kuna taabu moja, sitaificha. Mnunuzi hapendi kuleta mashine kwa ajili ya miti 200. Mtu mmoja mmoja mkiuza kidogo kidogo atawapangia bei anayotaka. Ndiyo maana vyama vya wakulima wa miti vijijini vina maana: majirani wanne au watano wenye miti ya umri mmoja wakiuza pamoja, mashine inakuja, na miti inapimwa mti kwa mti badala ya kutazamwa kwa macho na kukadiriwa shamba zima kama walivyomfanyia baba yangu. Kama kijijini kwenu hakuna chama, mwulizeni afisa misitu wa wilaya.

Na moto! Mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi zimekauka, mtu mmoja anachoma shamba lake la ulezi bila kuangalia upepo, na pensheni za watu sita zinakwenda kwa alasiri moja. Kufyeka barabara ya moto kuzunguka shamba ni kazi ya kila mwaka, na ni kazi nzito. Mzee wa miaka 70 haiwezi. Basi tangu mapema patana na kijana, hata kama si mwanao, kwamba atafyeka barabara ya moto na kupogolea matawi ya chini, na siku ya kuuza atapata fungu lake. Andikeni. Kuni za matawi yanayopogolewa ziende kwa mama jikoni.

Tumefika kwenye neno hilo la kuandika, tusimame kidogo. Nimeona wazee wa namna mbili. Wa kwanza aligawa mashamba yote kwa wanawe akiwa na miaka 58 ili wasigombane, na sasa anaomba shina la mhogo katika shamba alilolifyeka mwenyewe. Wa pili hakugawa hata hatua moja. Wanawe walisubiri, wakachoka, wakaenda zao Makambako na Dar es Salaam, na mashamba yamekuwa pori. Kati ya hao wawili ipo njia. Toa shamba la kulima, usitoe la mwisho la kulia. Mpe kijana matumizi kwanza, ukiona analitunza ndipo umpe lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji apewe na halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo yaweza kuandikwa jina la mume na mke pamoja. Nawasihi akina baba, andikeni yote mawili. Mama aliyefiwa akiwa na miaka 65, jina lake halipo popote, anastaafishwa siku ya matanga.

Na miti iandikwe pia. Andikeni ni shamba lipi, limepandwa mwaka gani, na ni la nani. Nimekuta familia inagombania misindano kwa kuwa marehemu alimwambia mtoto mmoja kwa mdomo mambo tofauti na aliyomwambia mwingine.

Nimalizie na ndugu zetu wafanyakazi mlioko mijini, maana nanyi mnasikiliza na wengi wenu mnakuja huku. Mtumishi wa umma leo yuko katika mfuko wa PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Wa sekta binafsi yuko NSSF. Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Kwa hiyo leo, si mwaka wa mwisho, uliza taarifa ya michango yako na uone kama kuna miezi iliyorukwa. Tena usipangie maisha yako juu ya mkupuo aliolipwa jirani miaka ya nyuma. Watumishi wengi wa zamani walilipwa nusu kwa mkupuo. Kanuni za 2018 zikaweka asilimia 25, zikalalamikiwa na kusimamishwa mwaka huohuo. Zilizoanza Julai 2022 zikaweka asilimia 33, na baada ya hapo suala hilo limeendelea kuguswa. Hesabu yako ipate ofisini kwa mfuko wenyewe.

Mnapokuja kijijini, ndugu zangu, mnakuja na kosa moja ninalolijua kwa sura. Mtu hajashika jembe miaka 30. Analipwa mkupuo mwezi wa saba. Mwezi wa kumi amekodi ekari 20, amenunua mbegu na mbolea, ameajiri vijana anaowapa amri kwa simu. Mwezi wa sita mwaka unaofuata amevuna kidogo, na fedha ya uzee wote imezikwa katika masika moja. Kilimo si kibaya, ila yeye amekianza siku ambayo hawezi tena kukosea. Anayetaka kuja kulima aanze akiwa bado na mshahara, miaka mitano au kumi kabla, kwa robo ekari. Akikosea, mshahara wa mwezi ujao unamsamehe. Na nusu ekari ya misindano ipandwe kwenye likizo, si kwenye kustaafu. Mtu anayepanda misindano akiwa na miaka 60 anampandia mtu mwingine, jambo jema, lakini alijue.

Wakulima mnaotaka kuchangia kwa hiari, NSSF inapokea pia watu waliojiajiri, nanyi mmo. Kwa anayelima mazao ya kuuzwa kila msimu, kama chai au viazi, si vibaya kuuliza masharti. Hata hivyo mimi ningeanza na bati la maji na barabara ya moto.

Basi ndugu wakulima, muda wetu umekwisha. Kabla hatujakutana tena, baba na mama kaeni chini jioni moja, mwandike kazi zote za nyumba yenu kwenye karatasi, na mbele ya kila moja mwandike umri ambao kila mmoja wenu angependa kuiacha, na nani ataipokea. Mkikuta mahali hakuna jina, tuandikieni. Juma lijalo nitaeleza namna ya kutengeneza kitalu cha misindano, na kwa nini lazima uchanganye udongo kidogo uliochotwa chini ya misindano mikubwa. Tayarisheni viriba.